Mstari wa Tanzania, mstari wa Rwanda: nani kapanda miti zaidi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa Kasulu, mkoani Kigoma. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

"Nilichukua takwimu za misitu ya kupandwa za Tanzania na Rwanda, kuanzia 1990 hadi 2020, nikachora mistari miwili kwenye karatasi moja ili wanafunzi walinganishe. Mstari wa Tanzania unapanda vizuri. Wa Rwanda umelala chini kama kamba ya kuanikia iliyokatika. Mwanafunzi mmoja ambaye shangazi yake anaishi Rwanda akanyoosha mkono: 'Mwalimu, kule kila kilima kina mikaratusi, na sisi huku mapori yanaisha. Inakuwaje sisi ndio tuko juu?' Sikuwa na jibu. Halafu takwimu nilizozipata sehemu mbili hazilingani. Nimekosea wapi? Na je, michikichi yetu ya Kigoma nayo ihesabiwe?"

Mwalimu, habari za Kasulu. Huyo mwanafunzi mpe alama zake, maana ameuliza jambo ambalo nimewaona watu wazima wenye shahada wakilipita bila kugeuza shingo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupima miti huku Tabora, utepe wa kupimia unene mkononi na nyuki kichwani, kisha kukaa ofisini kuzipanga namba hizo kwenye majedwali. Kwa hiyo nakuambia bila wasiwasi: inawezekana mistari yako yote miwili ni sahihi na mwanafunzi naye yuko sahihi. Kila mmoja anajibu swali lake.

Tuanze na lililo jepesi, ukubwa. Mkoa wako wa Kigoma, ukiliacha Ziwa Tanganyika pembeni, una nchi kavu ya kilomita za mraba kama 37,000. Rwanda nzima, maziwa yake yakiwemo, ni 26,338. Burundi mnayoitazama kutoka Manyovu haifiki 28,000. Yaani mkoa mmoja wa mwisho wa reli unaimeza nchi yoyote kati ya hizo mbili na bado unabaki na nafasi ya kuchunga ng'ombe. Wewe umeichukua Tanzania Bara, yenye ardhi ya hekta milioni 88, ukaiweka kwenye mhimili mmoja na nchi ya hekta milioni mbili na nusu. Mstari wa Rwanda ungelala chini hata kama wangepanda mti juu ya kila paa.

Igawe kwanza. Kwa Tanzania Bara, misitu ya kupandwa inakadiriwa kuwa takriban hekta 550,000. Rwanda, katika ramani ya misitu waliyoitoa 2019, walihesabu hekta 387,425 za miti ya kupandwa. Ukigawa kwa ardhi, katika kila hekta 1,000 Tanzania ina kama 6 za miti ya kupandwa, na Rwanda ina kama 160. Ukigawa kwa watu, bahati nzuri nchi zote mbili zilifanya sensa mwaka 2022: Tanzania Bara karibu watu milioni 60, Rwanda milioni 13.2. Hapo kila Watanzania elfu moja wanapata hekta 9, Wanyarwanda elfu moja wanapata 29. Miaka ya vipimo hivi haikulingana sawasawa, najua, na mtu wa takwimu angenikunjia uso. Lakini pengo la 6 kwa 160 si la kuzibwa na tofauti ya miaka michache.

Kwa hiyo mwanafunzi wako ameshachukua raundi ya kwanza. Usimtangazie ushindi bado, kwa sababu hatujauliza hizo hekta zimetengenezwa na nini.

Takwimu za aina hii hukusanywa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Kila nchi hupeleka ripoti yake, na vitabu na tovuti nyingi huchota humo. Kwa FAO, msitu ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayopita mita 5 au inayoweza kufika urefu huo hapo ilipo, matawi yake yakifunika zaidi ya asilimia 10 ya eneo, na matumizi makuu ya ardhi hiyo yasiwe kilimo wala makazi. Miti hiyo ikiwa kwa sehemu kubwa imewekwa na mkono wa mtu, kwa mche au kwa mbegu, msitu unaingia kwenye safu ya kupandwa.

Nusu hekta ni ekari moja na robo hivi. Sasa njoo huku kwetu Urambo au Kaliua. Mkulima wa tumbaku anatakiwa awe na miti yake ya kukaushia jani kwenye bani. Akapanda ekari moja ya mikaratusi, akaipalilia, akailinda na mbuzi wa jirani mpaka ikasimama. Kwa kipimo cha FAO mtu huyo hana msitu. Jirani mwenye ekari mbili anao. Kuni zao zinawaka sawasawa, moshi ni uleule, lakini mmoja yumo kwenye takwimu za dunia na mwingine hayumo, labda mashamba yao yawe yamegusana. Katika nchi kama Rwanda, ambako kipande cha familia mara nyingi hakifiki hata hekta moja na miti imejibana kwenye kingo na miteremko, kanuni hiyo ya nusu hekta inafuta miti mingi ambayo jicho la mpita njia linaiona vizuri sana. Shangazi wa mwanafunzi wako anaona kilima. Mtakwimu anaona vipande mia vilivyo chini ya kiwango.

Michikichi je? Haihesabiwi. FAO imeitaja waziwazi pamoja na bustani za matunda kuwa ni kilimo. Juhudi zote zilizofanyika Kigoma tangu serikali ilipoamua kulifufua zao hilo mwaka 2018, miche bora ya kituo cha utafiti cha Kihinga, mashamba mapya, vijana waliojiajiri kwenye vitalu, hazitaongeza hekta hata moja kwenye mstari wako. Mti wa mpira, ambao nao hupandwa kwa mistari na kuvunwa kila mara, unahesabiwa kuwa msitu. Wakulima wakisikia hivyo hucheka, na mimi siwalaumu. Angalau mpira ukizeeka unapasuliwa mbao. Mchikichi ukizeeka unakuachia kisiki cha nyuzi na panya.

Kahawa ya Kalinzi iliyo chini ya kivuli cha miti, nayo ni kilimo. Na ile miembe mikongwe ya Ujiji, inayosimuliwa kuwa ya zama za misafara, ni ya kupandwa bila ubishi, imepandwa kabla babu zetu hawajasikia neno hekta. Lakini miti iliyojipanga kandokando ya njia inaingia kwenye hesabu pale tu mkanda wake unapozidi mita 20 kwa upana na nusu hekta kwa eneo. Miembe haikujua.

Sasa hili la takwimu za sehemu mbili kutolingana. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo grafu nyingi zinapofia.

FAO hutoa tathmini kubwa ya misitu ya dunia kila baada ya miaka mitano. Kila tathmini inapotoka, nchi haiongezi tu namba ya mwaka mpya chini ya safu ya zamani. Inaruhusiwa kurudi nyuma na kuiandika upya safu nzima mpaka 1990, kama imepata ramani bora au imebadili tafsiri ya kitu gani ni msitu. Ni jambo zuri kwa ukweli, na ni mtego kwa mwalimu mwenye rula.

Tazama Rwanda. Tathmini ya 2010 ilisema misitu yake yote, ya asili na ya kupandwa, ni hekta 435,000, na kwamba imekuwa ikiongezeka tangu 1990. Tathmini ya 2020 ikasema misitu yote ni hekta 276,000, na kwamba imepungua tangu 1990. Nchi ileile, shirika lilelile, na mwelekeo umegeuka kinyume. Mtu aliyechukua miaka ya mwanzo kutoka kitabu kimoja na 2020 kutoka kingine atawaambia wanafunzi kwamba Rwanda imekata zaidi ya theluthi moja ya misitu yake kwa miaka kumi, jambo ambalo halikutokea. Kisha ichukue ramani ya serikali yao ya 2019: hekta 724,695, sawa na asilimia 30.4 ya nchi. Humo wamejumlisha savana yenye miti ya upande wa Akagera, vichaka, na vipande vidogo. Angalia kituko kilichomo: miti ya kupandwa peke yake katika ramani hiyo, zile hekta 387,425, inazidi misitu yote ya Rwanda iliyomo kwenye kitabu cha FAO cha karibu mwaka huohuo. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuja na chekeche lake, na matundu hayalingani.

Sisi pia tumo. Tathmini ya FAO ya 2010 iliandika kwamba Tanzania ina misitu ya hekta milioni 33.4. Baadaye ikafanyika NAFORMA, hesabu ya kwanza ya kitaifa ya kupima misitu ya Bara uwandani, kiwanja kwa kiwanja, na matokeo yake yalipochapishwa 2015 yakasema hekta milioni 48.1. Ukiziunganisha hizo nukta mbili unapata nchi iliyoongeza misitu ya karibu hekta milioni 15 ndani ya miaka michache, huku malori ya mkaa yakipita mbele ya macho yetu.

Naandika kwa ujasiri kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka ya nyuma niliunganisha vitabu viwili, nikachora mstari mzuri unaopaa, nikausimamisha mbele ya kikao cha wadau hapa Tabora. Mzee mmoja mfuga nyuki akaomba nafasi. Akauliza kwa upole kabisa, "Mtaalamu, hiyo misitu mipya iko upande gani, ili tupeleke mizinga?" Nilikunja karatasi yangu.

Na hata ukibaki ndani ya kitabu kimoja, ujue kwamba nukta zako si vipimo vyote. Nchi inaweza kuwa na ramani mbili tu katika miaka thelathini. Miaka ya katikati hujazwa kwa kugawanya tofauti sawasawa, na mwaka wa mwisho mara nyingi hupatikana kwa kuurefusha mwelekeo uliopo. Ukishusha jedwali lenye namba ya kila mwaka, 1991, 1992, 1993, ukaona mstari umenyooka kama reli ya Kaliua, hicho si kipimo cha kila mwaka. Ni rula ya mtu mwingine aliyetangulia kabla yako. Kwa Rwanda hili lina uzito wake wa kipekee, maana ndani ya huo mstari ulionyooka umo mwaka 1994, mauaji ya kimbari, na miaka iliyofuata ya wakimbizi kurudi na kuhitaji ardhi na kuni. Msitu wa Gishwati ulikaribia kwisha. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera ilitolewa kwa waliorejea. Mstari laini hauwezi kubeba miaka kama hiyo, na mwanafunzi anapaswa kuambiwa.

Turudi kwenye mstari wa Tanzania unaopanda. Umepanda kwa nini?

Mashamba ya miti ya serikali, ambayo sasa yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, yana kumbukumbu tangu enzi za mkoloni. Shamba la Sao Hill kule Mufindi lilianza kwa majaribio mwaka 1939 na likapanuliwa sana baada ya uhuru. Kwa miaka mingi, mtu akitaka kujua misitu ya kupandwa ya Tanzania alijumlisha madaftari ya mashamba hayo na ya kampuni chache, basi. Wakati huohuo, hasa kuanzia miaka ya 2000, wakulima wa Njombe, Makete, Mufindi na Kilolo walikuwa wanapanda misindano kwenye mabonde na migongo ya milima yao. Walimu wenzako walipanda, wastaafu walipanda, watu wa Dar es Salaam waliokuwa hawajui hata mche unashikwaje walinunua ekari na kuweka vibarua. Hayo hayakuwa kwenye daftari lolote. Vipimo vya uwandani na picha za setilaiti ndivyo vilivyokuja kuyaona. Kwa hiyo sehemu ya huko kupanda kwa mstari wako ni jembe, na sehemu ni miwani: miti ilikuwapo, ila tulikuwa hatujaiona. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili kwa namba safi si kazi ya grafu ya darasani.

Sao Hill ina somo jingine. Eneo lake lote linazidi hekta 130,000, na magazeti huandika namba hiyo kana kwamba yote ni misindano. Sehemu iliyopandwa haifiki nusu. Nyingine ni misitu ya asili, mabonde ya maji, barabara na makazi. Ukiona namba ya "shamba la miti", uliza kwanza kama ni hekta za uzio au hekta za miche.

Jambo jingine linalowashangaza watu: shamba likivunwa lote, likabaki visiki, bado linahesabiwa kuwa msitu mradi linatarajiwa kupandwa tena au kuchipua ndani ya miaka mitano hivi. Likiungua, vilevile. Eneo halisemi kama miti iliyomo ni ya nguzo za umeme au ni vijiti vya kusukia uzio.

Mstari wa Rwanda nao haukulala kwa uvivu. Mikaratusi iliingia Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na wamisionari. Miaka ya 1930 tayari kulikuwa na bustani ya majaribio ya miti huko Ruhande, Butare, ambayo ipo mpaka leo. Upandaji mkubwa wa vilimani ulifanyika kabla ya 1990, miaka ya 1970 na 1980. Grafu yako inaanza pale ambapo wenzetu walikuwa wameshapanda sehemu kubwa ya milima iliyofaa kupandwa, na kilichobaki ni mihogo, maharage na viazi. Ukimpima mkimbiaji kuanzia katikati ya mbio, usishangae ukimwona anatembea. Mwaka 1990 wenyewe hauna maana yoyote ya kimisitu, si kwao wala kwetu. Ni mwaka ambao safu za tathmini za FAO zinaanzia, na mazungumzo ya kimataifa ya tabianchi nayo huutumia kuwa mwaka wa kuanzia.

Kabla sijasahau, wanafunzi watakuletea namba za miche. Redio husema wilaya fulani imepanda miche kadhaa, na kila mtu anaitikia. Wafundishe kuigeuza kuwa hekta, ni hesabu ya dakika mbili. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hekta moja inachukua miche 1,111. Kwetu kila halmashauri imekuwa ikiagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Hiyo ni hekta 1,350. Kigoma ina halmashauri 8, kwa hiyo mkoa mzima ni hekta 10,800 kila mwaka. Kwa miaka 20 ni hekta 216,000, karibu asilimia 40 ya misitu yote ya kupandwa ya nchi nzima, ikiwa ndani ya mkoa mmoja. Panda basi kutoka Kasulu mpaka Kakonko utazame dirishani. Miche ilipandwa kweli, nimeshiriki zoezi hilo mara nyingi chini ya mvua. Lakini kuna mchwa, kuna kiangazi cha miezi sita, kuna moto wa Agosti, kuna mbuzi, na kuna miche mingi iliyopandwa mmojammoja kwenye viwanja vya shule na nyumba ambayo hata ikipona haiwi msitu. Idadi ya miche iliyotolewa kitaluni ni takwimu ya kitalu.

Ahadi nazo ziweke mbali na grafu. Mwaka 2011 Rwanda iliahidi kurejesha uoto kwenye hekta milioni 2. Ukikumbuka ukubwa wa nchi yenyewe, unaona mara moja kwamba haiwezi kuwa misitu: watu wangelima wapi? Wanazungumzia matuta, miti ndani ya mashamba, kingo za mito. Tanzania nayo iliahidi hekta milioni 5.2. Ni mipango mizuri, ila si safu ya takwimu.

Sasa niseme lile lililonifanya nikubali kukuandikia kwa urefu huu.

Katika ramani ya Rwanda ya 2019, zaidi ya nusu ya misitu yote ni ya kupandwa. Tanzania Bara, ukichukua zile hekta 550,000 ndani ya milioni 48.1, ni kama hekta moja katika kila mia. Kwa hiyo maneno "misitu ya kupandwa" hayabebi mzigo mmoja katika nchi hizi mbili. Mstari wa Rwanda unakueleza kuni za kupikia za familia, miti ya kujengea, udongo unaoshikiliwa usiporomoke. Ukipungua, jiko linajua wiki hiyohiyo. Mstari wa Tanzania unakueleza mbao za dari, nguzo na karatasi, biashara ya Nyanda za Juu Kusini. Mama anayepika Kasulu au Sikonge hatumii msindano wa Mufindi. Anatumia miombo, miti ya asili ya mapori yetu.

Na miombo haimo kwenye grafu yako kabisa. Makadirio ya serikali ni kwamba kati ya 2002 na 2013 Tanzania Bara ilikuwa inapoteza takriban hekta 469,000 za misitu ya asili kila mwaka, kwa kilimo, mkaa, mifugo na moto. Igawe mwenyewe ubaoni. Misitu yote ya kupandwa ya nchi, kuanzia misaji ya Wajerumani mpaka misindano ya wastaafu, kazi ya zaidi ya miaka mia, inalingana na miti ya asili iliyokuwa ikiondoka ndani ya miezi 14. Mwanafunzi aliposema "mapori yanaisha" alikuwa anasoma mstari mwingine ambao hukuuchora. Mstari wako ulikuwa unapanda kwa maelfu wakati ule mwingine unashuka kwa malaki.

Kuna upande wa pili wa shilingi hiyo, na huu nao haumo. Jirani zetu Shinyanga walianza mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986 wakati ngitili zilizobaki, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili uoto urudi, zilikuwa zinakadiriwa kuwa hekta 600 tu. Kwa kufunga maeneo, kuzuia mifugo kwa msimu na kuacha visiki vichipue, zikafika zaidi ya hekta 300,000. Sehemu kubwa haikuhitaji mche. Vijiji vya jirani na Gombe huko kwenu, ambako mradi wa uhifadhi wa TACARE ulianza 1994 kwa vitalu, navyo baadaye vilitenga misitu ya vijiji na kuiachia miombo ijirudie yenyewe. Miombo ina mizizi yenye kumbukumbu; usipoichoma moto na kuilima, inarudi. Kazi yote hiyo, kwenye safu ya misitu ya kupandwa, ni sifuri. Mimi binafsi, ningepewa shilingi moja ya kuitumia Kigoma au Tabora, ningeipeleka kwenye visiki kabla ya kitalu. Wenzangu wa vitalu tunabishana kila mwaka.

Rwanda hiyo njia imebaki finyu. Nje ya Nyungwe, milima ya volkano, Akagera na mabaki machache kama Gishwati na Mukura, hakuna visiki vya asili vya kuviachia vichipue. Wanapanda kwa sababu kupanda ndiko kuliko. Sisi tuna nafasi ya kuchagua, na grafu ya hekta zilizopandwa inatufanya tusahau kwamba tunayo.

Basi, uichoreje upya? Chukua tathmini moja tu ya FAO, ya karibuni kadiri utakavyoipata, na utoe humo namba zote za nchi zote mbili, hata kama kwenye kitabu kingine umeona zinazokupendeza zaidi. Weka nukta kwenye miaka ya ripoti pekee: 1990, 2000, 2010, 2015, 2020. Ziunganishe kwa vidoti, usitumie mstari mzito, ili mtoto aone kwamba katikati tunakisia. Usitumie mhimili mmoja wa hekta. Chora picha mbili. Ya kwanza, hekta za kupandwa katika kila hekta 1,000 za ardhi. Ya pili, ipe kila nchi alama 100 mwaka 1990 na uone imefika ngapi, ila uwaambie wazi kwamba aliyeanza na kidogo huonekana anakimbia zaidi. Kisha, kwa Tanzania, ongeza picha ya tatu yenye misitu ya asili juu ya karatasi hiyohiyo, kwa kipimo kimoja. Misitu ya kupandwa itaonekana kama uzi chini ya gogo. Usiikuze ili ipendeze.

Ukipata shida na picha za setilaiti za mtandaoni zinazoonyesha "miti iliyopotea", kumbuka nazo zina chekeche lao: zinaona kivuli cha matawi, hazijui nani kapanda. Michikichi ya Kigoma inaonekana humo kama msitu, na shamba la misindano likivunwa kwa utaratibu linaonekana kama uharibifu.

Hiyo grafu ya kwanza usiitupe. Ibandike ukutani pembeni ya mpya, umwite yule mwanafunzi aeleze mbele ya wenzake kwa nini zinasema mambo tofauti. Ila naona kwenye mhimili wa wima umeandika "Misitu". Futa, uandike: "Misitu ya kupandwa, maelfu ya hekta, tathmini ya FAO ya 2020." Maneno yakikosa nafasi, punguza ukubwa wa herufi.